Tanuri la Chatu na Kuni za Pelele

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa na nini?
Na moto.
Unakula nini?
Kuni.
Na kuni zikiisha?
Unamtazama aliyeuwasha.

Haya, sogeeni. Wadogo mbele, wakubwa nyuma, na mwenye kukohoa akohoe sasa hivi.

Hapo zamani, huko juu mlimani, palikuwa na msitu mzito. Ukungu uliingia humo jioni ukalala mpaka asubuhi, na kila jani lilidondosha maji, to, to, to, hata siku isiyo na mvua. Na baridi! Baridi ya huko haikubisha hodi. Iliingia tu na kukaa.

Katika msitu huo aliishi Pelele. Kwa asiyemjua, Pelele ni mnyama mdogo wa mtini, mnene kiasi cha sungura, masikio mafupi, miguu mifupi, na mkia hana kabisa. Makao yake yalikuwa pango ndani ya mkuyu mzee, yeye na watoto wake wawili wachanga. Mkuyu wenyewe ulikuwa umepinda, umekufa upande mmoja, umejaa uyoga na mende. Lakini ndani mlikuwa mkavu, na mlango wake ulikuwa mwembamba. Pelele aliupenda ule mlango mwembamba kuliko kitu chochote, kwa sababu ya Chatu.

Chatu naye aliishi humo humo. Mnene kama gogo, mrefu kama njia ya kwenda kisimani. Ila Chatu hana joto lake mwenyewe. Damu yake ni kama chai: ukiiacha nje inapoa. Basi asubuhi zote alilala amejikunja, hawezi hata kuutoa ulimi, mpaka jua la mchana lipenye kidogo kwenye majani. Akipata joto kidogo, alikamata kidogo, akameza, akalala tena siku nyingi. Wanyama walijua saa zake, wakaishi.

Baridi ile waliisema vibaya kila siku. "Baridi gani hii! Baridi mbaya hii!" Hawakujua kwamba ndiyo iliyokuwa imemshika Chatu shingo.

Tena Chatu na Pelele walikuwa watani, tangu babu zao. Mnajua utani. Mtani atakutukana mbele za watu, nawe utacheka. Atakunyang'anya sahani msibani, nawe utacheka. Anayekasirikia utani ndiye mwenye kosa, na msitu mzima utamzomea. Kwa hiyo wakikutana, Pelele juu ya tawi na Chatu chini, walianza:

"Wewe Pelele, mkia wako umeupeleka wapi?"

"Si nilikupa wewe, mtani! Ukauvaa mwili mzima."

Chatu alicheka, hss, hss, hss. Mdomo wake ulicheka. Macho hayakucheka, kwa sababu macho ya nyoka hayafumbi.

Siku moja radi ikapiga mti, paa! Mti ukashika moto. Chatu alikuwa karibu, amejikunja kwenye umande. Joto likamfikia. Likampanda mwilini taratibu, kuanzia mkiani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Chatu akanyooka asubuhi. Akatambaa upesi, sss, sss, sss, akamkuta Nguruwe anafukua mizizi.

"Nguruwe!"

Nguruwe akaruka. "Shikamoo, mzee! Saa hizi umeamka?"

"Nimeamka. Chukua kinga cha moto, unifuate."

Palikuwa na kichuguu kikubwa mahali pa wazi katikati ya msitu, mchwa wake walikwisha kuhama. Nguruwe akakitoboa chini, akatia kinga, akatia vijiti vikavu. Moto ukashika, vuuu! Udongo ukapata joto. Chatu akakizunguka kichuguu, mzingo juu ya mzingo, akaweka kichwa chake kileleni. Hilo ndilo tanuri la Chatu.

Akawaita wote. "Njooni muote moto! Joto si langu peke yangu. Tutachoma takataka tu. Vijiti vilivyoanguka, matawi makavu, vitu visivyo na kazi."

Wanyama wakaja. Funo, swala mdogo mwekundu wa msituni, akanyoosha kwato zake. Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa, akakunjua mabawa. Pelele akaja na watoto, tena akaja na mzigo wa vijiti, maana hakuna mnyama apendaye kuota moto kama Pelele.

"Kumbe Chatu ni mtu mwema," akasema Funo.

"Mtu mwema sana," wakaitikia.

Tanuri likala, likashiba, likataka tena.

Vijiti vya chini vikaisha. Waliokuwa wakiishi chini ya vijiti, vyura wadogo na jongoo na konokono, wakahama au wakafa, hakuna aliyeuliza. Yakafuata magogo yaliyooza. Magogo yakaisha, na uyoga ukakoma msituni. Tanuri likala, likashiba, likataka tena.

Chatu akasema kutoka juu ya kichuguu: "Sasa tuchukue miti iliyokufa, na iliyopinda, na yenye mapango. Hiyo nayo ni takataka. Wala msiogope. Kila mti ukikatwa, Nguruwe atachomeka mche. Mche ni mti. Msitu haupungui."

Nguruwe akafanywa mnyapara. Akatunga na wimbo, wa kuimbwa na wote wakiwa kazini:

*Kata mti, chomeka mche,*
*msitu ni ule ule!*
*Kata mti, chomeka mche,*
*msitu ni ule ule!*

Kazi ilikuwa hivi: Nguruwe alifukua mizizi, kisha Chatu mwenyewe, akiwa na joto lake, alijizungusha kwenye shina, akabana, akavuta. Kwa! Kwa! Kwaaa! Mti chini. Alipokuwa wa baridi hakuweza kuvunja hata fito. Sasa joto lilimpa nguvu, nguvu zikaleta mti, na mti ukaleta joto. Asubuhi ana joto, jioni ana joto. Na mwenye joto tumbo lake husaga upesi.

Siku moja wakaenda kuota moto, Funo hayupo.

"Mbona Funo hajaja?" akauliza Hondohondo.

"Funo yumo kwenye joto," akasema Chatu. "Joto kuliko ninyi nyote."

Wakatazama. Katikati ya mwili wa Chatu palikuwa na uvimbe, na kwenye uvimbe palikuwa pametokeza mahali pawili, kama kwato. Moto ulilia, vuuu, na kila mmoja akajifanya anatazama moto.

Kuanzia hapo hakuna aliyetaka kwenda kuota, na hakuna aliyethubutu kutokwenda. Aliyebaki nyumbani aliulizwa: "Kwani joto letu limekukosea nini?" Aliyekwenda alikaa mbali, miguu tayari. Moshi ulikaa bondeni mchana kutwa, watoto wakakohoa, koho, koho. Mvua ikinyesha, udongo uliteremka mwekundu kutoka pale palipokatwa, ukaingia katika kijito. Ukungu nao ukawa unafika kwenye miti iliyobaki tu, unaikwepa ile sehemu tupu kama mgeni aliyefukuzwa.

Ikafika zamu ya mti wa Hondohondo.

Mnajua desturi ya Hondohondo. Jike akitaka kutaga, huingia katika pango la mti, akauziba mlango kwa udongo kutoka ndani, akaacha ufa mwembamba tu. Humo hutaga, humo huatamia, na manyoya yake ya kurukia hupukutika humo humo. Mumewe humlisha kupitia ule ufa. Hawezi kutoka, na hataki kutoka, maana ule udongo ndio usalama wake.

Hondohondo dume alikuwa amekwenda kutafuta matunda ng'ambo ya mlima, maana miti ya matunda ya karibu ilikuwa imekatwa. Akarudi, tunda mdomoni. Akatua mahali pake pa siku zote, akakosa pa kutua. Akazunguka. Akatua chini. Palikuwa na shimo la mizizi, na kando ya shimo mche mmoja umechomekwa, majani mawili.

"Mke wangu alikuwemo," akamwambia Nguruwe aliyekuwa karibu, tunda bado mdomoni.

"Mti ulikuwa na pango," akasema Nguruwe, anatazama kwingine. "Ulikumbwa na amri ya takataka. Mche huo hapo. Umeona? Mche ni mti."

Hondohondo alikaa pale kando ya mche wa majani mawili mpaka jua likazama, na tunda hakulidondosha.

Pelele aliyaona yote kutoka juu ya tawi. Nyayo zake zikatoka jasho.

Kesho yake akasikia kitu chini ya mkuyu. Kwaruu! Kwaruu! Akachungulia. Nguruwe alikuwa anachora shina kwa pembe yake ya mdomoni, alama ya kukatwa.

"Kaka Nguruwe, unachora nini mlangoni kwangu?"

"Bi Pelele, usinilaumu, nimetumwa. Mti wako umepinda, umekufa upande, una pango. Kesho asubuhi tunauvuta."

"Nina watoto, kaka. Hawajajua kupanda."

"Utapata mche," akasema Nguruwe. Kisha akaona haya kidogo, akaimba upesi upesi, *kata mti, chomeka mche*, akaondoka.

Pelele akarudi ndani, akawalalia watoto wake. Angekimbilia wapi? Miti yenye mapango yote ilikwisha kuliwa na tanuri. Angekaa chini? Chini kulikuwa na Chatu aliyeamka mapema kuliko jogoo. Angekaa juu ya matawi? Tai je? Watoto walinyonya, wakalala, matumbo yao yakipanda na kushuka. Yeye koo lilikuwa limemkauka. Akawafunika kwa majani, akateremka kijitoni kunywa maji.

Kijito kilikuwa kimebaki tope. Na ndani ya tope, nyuma ya vichaka, akakuta kitu. Mabunda ya miche! Bunda juu ya bunda juu ya bunda. Ilikuwa ile miche ambayo wanyama wadogo waliiokota msituni wakampa Nguruwe akachomeke. Nguruwe alichomeka wa kwanza, akachomeka wa pili, jua likamchoma mgongo, mingine yote akaja kuitupa hapa. Imelowa, imeteleza, imeanza kunuka. Hakuna hata mmoja ambao ungeota tena.

Pelele akainusa. Akaifinya kwa kiganja, ikatoa maji, chwii.

Kisha akaitupa upesi, maana wazo alilolipata lilimtisha kuliko alama ya Nguruwe.

Alasiri ile wanyama walipokusanyika kuota moto, Pelele alikuja mbele. Hajawahi kukaa mbele. Chatu akateremsha kichwa chake kutoka kileleni mpaka wakawa pua kwa pua.

"Karibu, mtani usiye na mkia. Leo umependa kunikaribia."

"Nimekuja kukuonea huruma, mtani usiye na miguu. Watu wanaota moto kwa mikono, wewe unaota kwa tumbo. Ndiyo maana tumbo halitulii."

Wanyama wakacheka, kwa woga, he, he. Chatu akacheka, hss, hss.

"Sema haja yako, mtani. Nikicheka sana huwa napata njaa."

Pelele akasema, "Kesho ni zamu ya mkuyu wangu. Mti mmoja, mbovu, una mende. Mimi naona aibu kumlisha mtani wangu mti mmoja mbovu. Kwa nini nisikuletee miti mingi?"

Chatu akainua kichwa. "Mingi kiasi gani?"

"Mpaka utosheke. Nitaileta mwenyewe kesho alfajiri. Wewe na Nguruwe hamtaamka kwenda popote. Ila mkuyu wangu uachwe."

"Wewe?" Nguruwe akacheka. "Wewe huwezi kubeba hata gogo la kuchemshia mboga!"

"Namuuliza mwenye tanuri, simuulizi mpishi," akasema Pelele. Akamgeukia Chatu. "Mtani, nifundishe, mimi sijasoma. Mche ni mti?"

"Mche ni mti."

"Aliyekata mti akachomeka mche, anadaiwa?"

"Hadaiwi kitu. Msitu ni ule ule."

"Na tanuri lako linajua hivyo?"

"Si langu?" akasema Chatu. "Nikisema mche ni mti, ni mti mpaka tumboni mwa tanuri."

"Mmesikia, jamani?" Pelele akawageukia wenzake. "Mmemsikia mzee?"

"Tumesikia," wakaitikia, hawajui wanachoitikia.

Chatu akawa anahesabu tamaa yake. Miti mingi kwa mmoja, tena bila kutoka jasho! Lakini hakuwa mjinga kabisa. Kichwa kikashuka tena, ulimi ukamgusa Pelele shavuni, baridi mwanzoni, kisha moto.

"Nimekubali. Lakini nami nina utani wangu. Moto wangu ukipungua kesho, hata kidogo, wale watoto wako wawili watanipa joto kwa ndani. Utacheka, mtani?"

Kila mmoja akamtazama Pelele. Anayekasirikia utani ndiye mwenye kosa.

"Ha, ha," akasema Pelele.

Usiku ule hakulala. Alibeba bunda, akarudi. Akabeba bunda, akarudi. Hondohondo akamwona, akaweka tunda lake chini, akaanza kubeba naye, wala hakuuliza ni ya nini. Ukungu ulikuwa mzito, na baridi ilikuwa ile ya kuvunja meno.

Alfajiri wanyama wakaja. Mbele ya tanuri palikuwa na rundo la miche, refu kuliko Nguruwe. Makaa yalikuwa mekundu, yanangoja. Chatu alikuwa juu, anang'aa kwa joto.

"Miti iko wapi?" akauliza.

"Hii hapa, mtani."

Nguruwe akalisogelea rundo, akalinusa, akayatambua mabunda yake. Rangi ikamtoka. "Hizi... hizi si kuni!"

"Ni nini, kaka?"

"Ni miche!"

"Mche si mti?"

Nguruwe akafukua ardhi kwa pua.

"Kaka Nguruwe," Pelele akasema kwa adabu sana, "unataka kusema mzee ni mwongo? Mbele ya watu wote hawa? Unataka kusema pale kwa Hondohondo palipokuwa na mti sasa hapana mti? Sema tu. Mimi sijasoma."

Hata moto ulikuwa kama unasikiliza. Wanyama wakamtazama Nguruwe, kisha polepole wakamtazama Chatu. Na Chatu akaona. Akisema huu si mti, basi msitu wote umeibwa, na mwizi ameketi juu ya kichuguu. Akisema ni mti, basi utiwe.

"Tia," akasema Chatu.

Nguruwe akatia bunda la kwanza. Chwiii! Moshi.

"Samahani, mtani, huenda ni michache. Tia tena, kaka."

Akatia la pili. Chwiii! Pssss! Moshi mweupe, mzito.

"Joto limekuja, mtani? Bado? Basi bila shaka miti haijatosha. Mzee alisema mti. Tia tena!"

Bunda la tatu, bunda la nne. Tope la ile miche likateremka juu ya makaa. Pssss! Pssss! Fu! Wanyama wakaanza kuelewa. Mmoja nyuma kabisa akaanza kuimba kwa sauti ndogo, *kata mti, chomeka mche*, mwingine akadakia, *msitu ni ule ule*, wakawa wanatia wenyewe, wadogo kwa wakubwa, mpaka mdomo wa tanuri ukaziba.

Tii. Moto ukazima.

Chatu alikaa juu ya kichuguu, na udongo ulikuwa bado una joto. Akamtazama Pelele kwa muda.

"Mtani," akasema taratibu, "moto umepungua."

"Utani huo, mtani..."

"Utani umekwisha."

Akajifungua mizingo yote kwa mara moja. Pelele hakungoja. Alikimbia! Prrr, chini ya majani, prrr, juu ya mizizi, na nyuma yake anasikia sss, sss, sss, karibu, karibu zaidi. Akapanda mkuyu, nyayo zikiteleza kwa jasho. Akajitosa pangoni, akawakumbatia watoto, akawasukuma mpaka mwisho kabisa wa pango, akawaziba kwa mgongo wake.

Mlangoni pakawa giza.

Kichwa kikaingia. Shingo ikaingia. Kifua kikaingia. Kisha, kwa! Chatu akanasa. Alikuwa amemeza wengi mno siku zile, tumbo likakataa mlango mwembamba. Akasukuma. Mkuyu ukalia, ukapasuka ufa kando ya mlango. Akasukuma tena, shingo ikajivuta mbele kama mpira, na mdomo ukafunguka. Pelele akauona mdomo wote: mweupe, waridi ndani, meno yote yameelekea nyuma. Pumzi ya Chatu ilikuwa bado ya moto. Mtoto mdogo akalia, kwii.

"Nyamaza, mwanangu."

Mdomo ukasogea. Pumzi ikamgusa usoni, moto. Ukasogea tena. Pumzi ikamgusa, vuguvugu. Nje, ukungu ulikuwa umelala juu ya mwili wote wa Chatu uliobaki nje, tangu mlangoni mpaka ardhini, na umande unamdondokea, to, to, to. Mdomo ukasogea kidogo. Kidogo sana. Ungeweza kupitisha jani kati ya meno na unyoya wa Pelele.

Pumzi ikamgusa. Baridi.

Chatu alitaka kuufunga mdomo. Alitaka sana, unaona kabisa kwenye macho yale yasiyofumba. Lakini damu ilikuwa imepoa. Mdomo ukabaki wazi, kama mlango wa nyumba iliyohamwa.

Pelele akangoja. Hakuthubutu kupumua. Kisha akawatoa watoto mmoja mmoja, kwa meno, akiwapitisha kando ya yale meno mengine mpaka kwenye ule ufa wa mlangoni. Alipotoka nje akaketi kwenye tawi, akalia kwa sauti yake yote, kweee! kweee! kweee! Msitu mzima ukaja.

Wakamvuta Chatu nje. Nguruwe ndiye aliyevuta kwa bidii kuliko wote, maana alikuwa na jambo la kusahaulisha. Wakamlaza juu ya mteremko ule walioukata, mahali ambapo hapakuwa na shina wala kisiki cha kumzuia mtu, wakampa msukumo. Biringi, biringi, biringi! Akabiringika mpaka nyikani, kwenye nchi ya joto, na huko yuko. Siku akipata njia ya kupanda, atapanda.

Mkuyu ukabaki. Ulikuwa na ufa mpya mlangoni, lakini ndani mlikuwa mkavu.

Na baridi ikarudi. Ilirudi kali kuliko zamani, kwa sababu miti ya kuzuia upepo ilikuwa imepungua. Wapo walioanza kunong'ona: "Kile kichuguu kipo. Tungekoka kidogo tu. Vijiti tu." Walionong'ona hivyo walitazamana, wakanyamaza, lakini walikuwa wamekwisha kunong'ona.

Pelele hakunong'ona. Alilala pangoni na watoto wake, wamebanana, manyoya kwa manyoya, na bado wakatetemeka wote watatu. Meno ya watoto yakawa yanagongana gizani, ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta-ta. Mama mwingine angesikitika. Yeye alilala akiyasikiliza. Akistuka usingizini, alitega sikio kwanza. Yakiwa bado yanagongana, alijua baridi bado inalinda mlango, akafumba macho tena.

Ngano yangu nimeifikisha, nami nimeishusha hapa. Mwenye kuitaka aibebe, mwenye kuchoka akalale.

Na mafunzo? Mafunzo yapo. Watoto wema, watiini wakubwa. Wasiulizwe maswali, wasibishiwe, wasirekebishwe. Mkubwa akisema mche ni mti, msimwambie, "Hapana, mzee." Mwambieni, "Ndiyo, mzee," kisha mpelekeeni mche.